Safari Isiyokuwa na Msiba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Kilosa tu wazima. Mguu wa babu yako unamsumbua, lakini mdomo wake haujambo.

Umeniuliza kama ni ubinafsi kutumia likizo yako kwenda kutembea peke yako, maana shangazi zako wamekusema. Wamenikera! Hata mimi niliwahi kusemwa hivyo hivyo.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mabasi ya watu binafsi yakaanza kuja huku, nilikuwa na watoto wanne, na sikuwahi kupanda basi ila kwenda kuzika au kuuguza. Asubuhi moja nikavaa gauni langu la mtumba, nikaenda Mikumi, ambako sina ndugu wala mgonjwa. Nikakaa kwa mama ntilie, nikaagiza chai, nikatazama milima. Chai ya kupikiwa, Neema! Nikaimaliza ingali moto.

Kumbe jirani aliniona stendi. Niliporudi jioni nikakuta mikeka imetandikwa uani, watu wameleta kuni na unga, wifi yangu analia.

"Pole, wifi. Nani ametutoka?"

"Hakuna. Nilikwenda kupumzika."

Akafuta machozi, akanuna. "Yaani umesafiri bure?"

Wakakunja mikeka yao kwa hasira, kana kwamba nimewanyima maiti. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimechoshwa na nini. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Nenda, mama. Usisubiri mtu afe ndipo upande basi.

Bibi yako wa Kilosa