Ile Ndege Imekuja, Mama

Mama yangu,

Ile ndege imekuja. Nimeiona kwa macho yangu, na Mjomba Salim kaiona pia. Najua hilo la pili ndilo litakalokushangaza, kwa hiyo nimeanza nalo.

Mwaka na ushei umepita tangu tukuzike. Chumba chako hapa Edmonton, London, nalala mimi sasa, maana ndicho chenye jua la asubuhi. Wenzako wa kazini, wa ile nyumba ya wazee, bado hunisimamisha kituo cha basi wakanisimulia ulivyokuwa ukiwachekesha. Yule mzee wa Kiingereza uliyekuwa ukimwogesha, fundi wa ndege wa zamani aliyekuambukiza mapenzi ya ndege, naye amekufuata.

Nakukumbuka jioni, umerudi kazini, miguu umeitia kwenye beseni la maji ya moto, macho kwenye televisheni. Wakizungumza habari ya ile ndege mpya ya kivita ya Wamarekani, ambayo rada haiioni, hakuna aliyethubutu kukusemesha. Miaka ya tisini yote tuliisikia tu. Wengine walisema dunia haijapata kuona kitu kama kile, wengine wakasema ni fedha za watu zilizotupwa baharini. Wewe ulisema, "Uzuri wa bi harusi huujui mpaka afunuliwe. Tungoje tuione ikiruka."

Mjomba akiwapo, habari hizo zikianza aliinuka akaenda zake jikoni. Ndugu yako alikuwa karani Kuwait vita vilipoingia, na alipofika kwetu London hakuweza hata kusikia mlango ukibamizwa. Mara moja tu alikujibu. "Dada, chombo cha kuulia watu hakina uzuri." Nawe ukamwambia, "Sipendi kuua, Salim. Napenda kuona mwanadamu alichojaaliwa kukiweza." Hamkusemezana mpaka Idi.

Kisha ukaanza kuumwa. Ukamwomba akupeleke siku itakapokuja. Umekufa ndege haijaja, na yeye hajakujibu.

Basi kiangazi hiki tukasikia inaletwa kwenye maonyesho ya ndege, nje ya London. Nilimpigia Mjomba kumwarifu tu siku na saa ya treni yangu, nikijua haendi. Asubuhi ile nikafika stesheni ya Waterloo, nikamkuta amesimama chini ya saa, kavaa kofia yake ya Ijumaa, na chupa ya chai kwapani. Alisema mwenyewe, "Dada aliniomba." Tukapanda treni.

Mama, nitakuelezaje. Watu walikuwa wengi, na viti vyao vya kukunja, na kamera ndefu kama mabomba ya maji. Ikatoka taratibu mwishoni mwa uwanja, ya kijivu, bapa, wala si kubwa kama nilivyodhani. Nikasema moyoni, ndiyo hii? Halafu ikaondoka. Haikukimbia sana chini, ilinyanyuka tu, ikasimama juu ya mkia wake, ikapanda moja kwa moja kama iliyoitwa na mtu. Ule mngurumo haukuingia masikioni, uliingia kifuani. Mtoto mbele yetu alijishika tumbo.

Kule juu ikapunguza mwendo mpaka ikatulia. Wallahi ilitulia, Mama, angani, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Kisha ikaanza kushuka kifudifudi kama sinia lililoachiwa, huku inazunguka pole pole, na mimi nimeshika shungi langu nikidhani yule rubani amekwisha. Hakuwa na hofu yoyote. Akaigeuza pua, akaondoka, na mvuke mweupe ukalala juu ya mbawa kama kanga ya hariri. Hiyo habari ya kutoonekana na rada siwezi kuishuhudia, maana jambo hilo halina maonyesho. Lakini kuruka, Mama, waliosema, maneno yaliwafupikia. Nilikuwa nikilia na sijui nilianza lini.

Ilipopita mara ya mwisho ikatugeuzia tumbo, na milango ya tumboni ikafunguka yote. Ndimo yanamokaa makombora. Ndani hamkuwa na kitu. Mjomba akanishika mkono kwa nguvu, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. Hakufumba macho wala kugeuza uso. Aliitazama mpaka ikapotea.

Tulipokunywa chai yake ndipo akasema, "Kila walichosema juu yake ni kweli. Ndiyo maana inanitisha." Akanijazia kikombe, halafu akasema, "Na Dada naye alisema kweli. Ni nzuri. Sikutaka iwe nzuri."

Ndani ya treni alinisimulia Kuwait, jambo ambalo nadhani hata wewe hakukusimulia. Mabomu yakianguka, walikaa chini ya ngazi yeye na jirani yake Mmisri, na watoto wa jirani huyo. Yule Mmisri hakuwa na sauti nzuri, lakini aliimba mfululizo ili wanawe wasikie kuimba tu. Mjomba hajui waliishia wapi. Hadi leo akiwa peke yake nyumbani kwake Thornton Heath, huwasha redio vyumba vyote.

Nilitamani ungekuwapo, ukamsikia.

Nimemwambia Ijumaa aje kula kwetu, na amekuja, na ya pili yake akaja tena. Hadithi yake inatoka kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nakuahidi, Mama, nitakaa naye mpaka aifikishe mwisho, na akinyamaza nitanyamaza naye. Ndugu yako hatabaki peke yake nami nipo.

Mungu alipanue kaburi lako, alitie nuru, mpaka tuonane.

Mwanao,
Rukia