Marraine Kwenye Barrière ya Mokambo

Mokambo, 3 Machi 2025

Baba mupendwa,

Jambo sana. Mugongo iko namna gani? Miye niko muzima. Ninaandika ju hupendi simu.

Formation, masomo yetu ya polisi juu ya bantu benye kuuzisha bantu imeisha. Mwalimu alisema mutoto mwenye kuuzishwa anaweza kumutetea ule mwenye kumupiga, kwa hiyo usimuulize mbele ya mukubwa wake. Mutenge, mupe maji, usimupigie kelele. Baba, nililia mbele ya bote. Mwaka jana musichana moja alifika hapa kwenye barrière yetu ya mupaka, midomo imepasuka, hana karatasi. Nilimupiga kofi, damu ikanirukia kwenye chemise yangu ya polisi, nikamurudisha ndani ya gari ya bale benye kumuleta. Sijui bamemufikisha wapi. Mwingine hatapita mikononi mwangu!

Mutoto wako, Mwelwa

Kamalondo, 9 Machi

Mwelwa mutoto wangu,

Jambo yako. Mugongo inanisumbua, lakini ninakula. Ee, formation! Siye miaka makumi mbili na saba ya polisi, fimbo njo ilikuwa mwalimu, na bantu bote balikuwa banasema. Endeleeni na maji yenu.

Marraine yako Wivine, mwenye kukushika siku ya ubatizo, atapita Ijumaa na batoto babili ba dada yake, Sephora na Abigaïl. Banaenda Mufulira, ngambo ya mupaka. Usimusimamishe kama mwizi. Marraine ni mama.

Baba yako, Donat

Mokambo, 16 Machi

Baba,

Jambo. Usishangae maandiko, ninaandika na mukono wa kushoto. Wa kuume umevunjika.

Marraine alifika. Nilipiga magoti, nikapokea sakoshi yake, vile ulinifundisha. Kisha nikamuita Sephora pembeni. Alikataa kuegemea kiti. Nikainua blouse: mugongo muzima alama za pasi ya moto, zingine zinatoka usaha. Ilibidi nibatoe bote babili. Lakini nilisikia haya kumunyang'anya marraine batoto bote mbele ya bantu, nikamuachia Abigaïl ndani ya gari. Haya yangu, Baba! Dereva wake akashuka na chuma ya kufungulia magurudumu, akanivunja mukono, akamupiga Sephora kwenye kinywa. Bamevunja barrière na gari. Marraine alikuwa amemukamata Abigaïl nywele, mutoto analia. Bamevuka.

Sephora iko muzima, meno matatu yametoka. Anasema alitoroka kule kwa marraine, Kamalondo, akakimbilia kwa jirani, muzee moja aliyekuwa polisi. Ule muzee alimupiga mukanda mpaka akajikojolea, akamurudisha.

Baba, niambie haikuwa weye.

Mwelwa

Kamalondo, 1 Aprili

Mwelwa,

Sikuulizi hali, sina uso wa kuuliza.

Ni miye. Alinishika miguu: "Papa polisi, unifiche." Miye niliona mutoto mwenye kumukosea mama yake mukubwa adabu. Nikamupiga na mukanda, upande wa chuma, nikamukokota na sikio mpaka kwa Wivine. Wivine akanipa chai. Nikakunywa.

Wivine alikuwa ameniachia adresi ya nyumba ya Mufulira. Nilijua nikiipeleka kwa polisi bataniuliza yote. Barua yako ikalala siku kumi na mbili chini ya godoro yangu. Jana ndiyo nilienda kwa commissaire, mukubwa wa polisi.

Leo asubuhi bapolisi ba ngambo bamefika ile nyumba. Wivine bamemufunga. Abigaïl iko muzima, lakini taya yake imevunjika, na jicho la kushoto halitapona. Jirani wa kule Mufulira anasema bamemupiga hivyo juzi.

Kwenye procès-verbal, ile karatasi ya mashitaki, usiandike "muzee moja". Andika jina langu.

Donat