Kiti Chako Kwenye Jarida

Dukani kwa Mama, chumba cha kushonea
S.L.P. 212
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Mlingoti,

Shikamoo yako nimeipokea ingawa hujaituma. Marahaba. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje, na baridi ya huko imepungua? Unakula vizuri, au bado ni chai na mkate tu? Sisi huku wazima, ila macho ya Mama ndiyo yanazidi kugoma. Uzi sasa namtungia mimi, na shukrani yake ni kuniambia nina mikono mizito. Nimekukumbuka, mdogo wangu. Nalisema mapema kabla habari hazijanimalizia karatasi.

Fungua hicho kipande cha jarida nilichokukunjia humu. Ukurasa wa matangazo madogo, chini kushoto. Ndiyo, hicho ni kiti chako. Usicheke kwanza.

Tangu lile duka kubwa la nguo za tayari lifunguliwe mtaa wa pili, wateja walitukimbia. Tukabaki kubadilisha zipu na kupunguza suruali. Mama akaamua tutangaze kwenye lile jarida la kila mwezi, linalokaa saluni na kwa madaktari wa meno. Wale wakubwa wamechukua ukurasa mzima wa rangi, wanawake warefu wanacheka bila sababu. Sisi uwezo wetu uliishia kwenye kisanduku cha ukubwa wa kiganja, rangi nyeusi na nyeupe.

Ungeona alichoandika Mama! Suti, sare, mapazia, foronya, magauni ya harusi, kutia vifungo, “na mengineyo mengi.” Akataka nyota kwenye kona, mkasi katikati, na picha yake ya usichana. Nikamwuliza wateja watakuja kushona au kuposa. Alininunia mpaka jioni.

Basi akaja binti anayepanga kurasa za jarida, ana miwani mikubwa na kicheko cha karibu. Akatandaza matoleo ya nyuma kwenye meza ya kukatia, atuonyeshe wenye maduka madogo kama sisi wanavyohangaika ili waonekane. Muuza miwani ameandika herufi zinazopungua mpaka unajikuta umesogeza uso. Fundi wa funguo kaweka ufunguo mmoja tu, ukubwa wake halisi, unatamani kuuokota. Muuza viatu kapindua tangazo lake kichwa chini, watu wakampigia simu kumpa pole kwamba wachapaji wamemharibia. Nilicheka mpaka machozi.

“Mama, ukurasa wote huu unapiga kelele,” binti akasema. “Wewe acha nafasi.”

“Nafasi nimeilipia, niiache tupu?” Mama alihamaki kweli. Alisema hajawahi kusikia mtu ananunua peupe.

Ilibidi nimtulize kwa kumwambia angalau apigwe picha. Akakimbilia nyuma kubadilisha gauni, na unamjua Mama akishaingia kwenye kabati. Yule binti kusubiri kukamchosha, akaanza kupiga picha vitu vya humu ndani. Ndipo akakiona kiti chako mbele ya cherehani, na futi ya kupimia uliyoiacha imening'inia mgongoni mwake. Akauliza kwa nini miguu ina rangi mbili, kama kimevaa soksi. Nikamweleza kwamba magoti yako yalikuwa yanakufika kidevuni, ikabidi seremala akiongezee vipande vya mbao.

Mama akatoka kapendeza, kumbe tumesimama tunatazama kiti. Akauliza kulikoni. Halafu akasema, taratibu tu, kama anajisemea: “Kiti hiki ni cha mwanangu. Yuko mbali. Sisi bado tunashona.”

Binti akayaandika maneno hayo vilevile. Ndilo tangazo ulilonalo mkononi: kiti, maneno hayo, namba ya simu, na peupe pote huko pembeni. Mama alikubali kwa sababu hakutaka tumwone analia, basi.

Mlingoti, watu walikuja! Walikuja wa mitaa ambayo hata siijui. Wanaingia na jarida kwapani wanauliza, “Hiki ndicho chenyewe?” Mteja mmoja alijaribu kukikalia, nusura Mama amng'oe sikio. Kisha yule yule akaagiza nguo za wasimamizi wote wa harusi ya bintiye. Kila anayeingia anauliza kama umerudi, na Mama anajibu “yuko njiani.” Mimi najifanya natafuta chaki chini ya meza. Mdogo wangu, inaniuma. Kuna asubuhi nafungua mlango, nakiona kiti, nageuka nikuambie jambo.

Sasa kazi imetuzidi. Mwezi jana akaja fundi mmoja, duka alilokuwa akifanyia kazi limefungwa. Mtu mfupi, mpole, na mkono wake, wallahi, ni mzuri. Mshono wake ukiugeuza ndani huoni tofauti na nje. Mama alimpa cherehani yako. Kiti alimpa nusu nusu, maana akikikalia miguu inabembea, pedali anaifikia kwa ncha za vidole. Akaomba kwa adabu aondoe vile vipande vya seremala. Mama akamnyang'anya msumeno.

Utasema tununue kiti kingine. Nilisema. Mama akajibu, “Kikiingia kingine, hiki kitatoka. Chumba chenyewe unakijua.” Kweli, mtu akigeuka humu anaangusha majora ya vitambaa. Kwa hiyo fundi wa watu anashona huku amening'inia, kiuno kinamuuma, na kuna duka jingine linamtaka. Ameomba jibu kabla mwezi haujaisha. Akiondoka, maagizo haya hatuyawezi, na Mama kwa macho yale hataendelea kushona.

Nakuuliza bila kuzunguka: unarudi? Kama unarudi, nitamwomba avumilie mpaka uje. Kama hurudi, tuambie msumeno upite. Hatutakukasirikia. Uongo, nitakukasirikia kidogo. Ila nitakuelewa.

Mjomba anakusalimu, na shangazi anauliza kama umeanza kunenepa. Wanangu mapacha wamekuwa warefu, mmoja wao ameshaanza kukukaribia. Mama hatumi salamu, anasema salamu zake unazijua. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi mzuri na watu wema wa kula nao.

Karibu nisahau. Binti wa jarida alipita jana kuuliza kama tangazo la mwezi ujao litoke na maneno yale yale, “yuko mbali” na yote. Mama akamwambia kiti akiache, ila maneno asiweke yoyote. Apaache peupe mpaka utakapojibu, na atapalipia hivyo hivyo.

Wako akupendaye, anayetazama mlango,
Dada yako