Mkono Ulio Begani Mwako

Isevya,
Tabora.
8 Julai 1973

Mpendwa mume wangu mdogo, mjukuu wangu Twalibu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. U mzima? Kifua chako kinapatana na baridi ya Uingereza? Sisi wazima, ila magoti yangu yananung'unika nikiinuka. Mama yako Batuli hajambo, anauza vitumbua na anasema sana kama kawaida.

Ukishangaa mwandiko, ni wangu. Nimeingia kisomo cha watu wazima, na barua hii sikutaka mtu mwingine aniandikie.

Picha tumeipata. Batuli aliitembeza kwa majirani wote. Mimi nikaichukua nikasimama nayo mlangoni penye mwanga. Nikaona mwanamume mzima ameshika kigari ukubwa wa mkate, mbele ya bomba kubwa. Unasema mnakipulizia upepo mjue gari lenyewe litashikaje barabara. Haya. Watoto wa Kigwa wanaunda magari kama hayo kwa mabua, wala hawakupanda ndege.

Na gari lenyewe ni la mashindano, la mtu mmoja, halina pa kuweka hata gunia la karanga. Linakimbia kushinda treni, kisha linarudi pale pale lilipoondokea. Babu wa babu yako alikwenda pwani kwa miguu, pembe ya ndovu begani, akarudi na nguo. Wewe utarudi na nini? Trekta la shamba la ujamaa Kigwa limekufa tangu masika. Balozi wa nyumba kumi kila akinikuta anauliza mhandisi tuliyemsomesha anakuja lini. Namjibu yuko kazini. Kazi gani, simwambii.

Sasa sikiliza. Mzee Lukumani, mshenga tuliyemtuma kwa Abasi fundi cherehani akuposee binti yake Zamda, nawe ukakubali kwa kinywa chako, amerudi hana raha. Abasi alitaka kujua kazi ya kijana. Lukumani akaeleza habari za upepo. Abasi akamwuliza, "Huyo ni mhandisi au mganga wa mvua?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana Zamda amekwisha kumkataa karani wa reli kwa ajili yako.

Lakini upepo naweza kuutetea. Picha siwezi. Upande mmoja umeikata kwa mkasi, tena vibaya. Na begani mwako vimebaki vidole vinne, kucha zimepakwa rangi. Batuli anasema ni mkunjo wa koti. Tangu lini koti likapaka rangi kucha?

Twalibu, mkono wa nani huo? Mimi ndimi mkeo wa kwanza, niliitwa hivyo ungali unanyonya. Sifichwi mke mwenzangu. Kama unampenda, sema sasa, nikamwombe Abasi radhi na kumfungua binti yake. Nitaaibika mtaa mzima, nitavumilia. Ila ukinyamaza huku mtoto wa watu anangoja, mlango wangu usiukanyage.

Na huyo mwenye mkono usimkate tena. Mtu si kitambaa. Nitumie picha nzima nimwone uso.

Mama yako, Mzee Lukumani na shangazi yako Amne wa Puge wanakusalimu. Mungu akukinge na baridi, na hayo magari yasikuue.

Zamda hakutuma salamu. Anangoja zako.

Ni mimi mkeo wa kwanza, akupendaye na kukushuku,
Bibi Mwanamkuu