Tuseme Ni Hernie

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024

Leo nimerudi kazini. Wiki saba tangu upasuaji. Kidonda kimefunga, naweza kukaa kitini bila kujipinda.

Jean-Claude, wa meza ya pili, alinipokea kwa sauti ya kufika hadi barabarani: "Mwana ya hernie amerudia! Sasa asibebe kitu, hata kalamu tutamubebea." Wakacheka. Nikacheka nami.

Hernie. Ngiri. Ndivyo tulivyowaambia wote. Neno alilichagua baba mdogo Edmond siku ileile, kwenye korido ya hospitali, kabla sijaamka vizuri. "Tuseme ni hernie. Bantu ya hapa beko na kinywa." Na kweli, kwa watu wenye midomo, limefanya kazi. Katika mji huu kila mtu ana shemeji au jirani aliyepasuliwa ngiri, hakuna anayeuliza swali la pili.

Ukweli nauandika hapa tu. Walitoa korodani ya kushoto. Ilijipinda, ikakosa damu, ikafa. Maumivu yalinishika Jumamosi mchana. Niliona haya. Nikameza vidonge vya tumbo hadi Jumatatu, maana malori kumi na moja yalisubiri hati za forodha kwenda mpakani Kasumbalesa. Daktari Lucien, aliyenipasua, alisema ningefika ndani ya muda wa saa sita, ingeokoka. Mimi nilichukua siku mbili.

Iliyobaki inatosha, alisema. Hufanya kazi ya mbili. Nilimuuliza mara tatu, akajibu mara tatu, na mara ya tatu alikuwa tayari amesimama.

Sephora, mchumba wangu, hajui. Miaka mitatu pamoja, naye anajua hernie.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Baridi kali asubuhi. Ofisini kila mtu na sweta, Jean-Claude hata kofia ya sufu. Mimi jasho. Mgongo wote umelowa, nimekaa tu.

"Uko na jasho mu baridi ya mwezi wa sita? Ni malaria ao ni bibi?"

Nikasema malaria.

Nimesoma kwenye simu dalili za mwanaume aliyepungukiwa na homoni. Jasho la ghafla. Uchovu. Usingizi mbaya. Hamu kupotea. Ndevu kupungua. Nimesimama mbele ya kioo hadi maji ya kunawa yakapoa. Ndevu za kidevuni — sijui. Sikuwahi kuziangalia zamani, nitazilinganisha na nini?

Kuhusu hamu, siandiki.

Sephora alinipitia jioni akitoka kufundisha shuleni, bado ana chaki kwenye kidole. Alinishika mkono, nikautoa kama vile nilitaka kutafuta ufunguo. Ufunguo ulikuwa mlangoni. Aliuona.

Siku kumi na sita kabla ya familia zetu kukutana kwa posa.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Labo, saa mbili asubuhi, bila kula. Daktari Lucien, niliyemweleza jasho, ameandika kwamba damu itolewe asubuhi, mchana homoni hushuka yenyewe. Nilifika saa moja kasorobo.

Mama wa labo alisimama mlangoni na karatasi yangu, akasoma mbele ya benchi zima: "Testostérone. Nani Ézéchiel?"

Nilinyanyua mkono nusu. Mzee mmoja akamuuliza jirani yake: "Ile ni maladi gani?" Jirani akasema ni ya figo. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akasogeza mtoto wake mbali kidogo.

Sindano haikuuma. Nimeandika hilo kwa kuwa ndilo jambo pekee lililokwenda vizuri leo.

Jumatano, tarehe 12 Juni

3,4.

Kwenye simu imeandikwa: homoni ya mwanaume, kawaida ni kuanzia 8 hadi 29.

3,4.

Sikuweza kumaliza hati hata moja. Nimesema kichwa kinauma.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Nimefanya jambo baya.

Nilimngoja Sephora nje ya shule yake. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikasema tu tuahirishe mkutano wa tarehe 22. Labda hadi mwaka kesho.

Hakupaza sauti. "Uko na mwengine?"

"Hapana."

"Basi ni mimi. Iko kitu kwangu unakiona mubaya."

"Hapana, Sephora."

"Nikikushika, unanitoshea mikono wiki nzima. Sasa unasema hapana, hapana. Niambie basi ndiyo moja."

Watoto wa darasa lake walikuwa wanapita, wanasema au revoir Madame, naye anawajibu mmoja mmoja kwa jina, uso umenyooka kabisa. Kisha akaenda. Hakugeuka.

Nilitaka kumlinda asiolewe na mwanaume wa 3,4. Nimemfanya aamini kwamba yeye ndiye mwenye kasoro.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Nimeona aibu leo kuliko siku ya upasuaji.

Daktari Lucien alichukua karatasi ya labo, akaitazama, akasema: "Muzuri." Nikadhani ananihurumia. Nikamwonyesha simu yangu: nane hadi ishirini na tisa. Akaiangalia. Akaangalia karatasi. Kisha akaniuliza ninafanya kazi gani.

Nikasema naandika hati za mizigo.

"Na unaandika uzito bila kipimo?"

Akaweka kidole chini ya herufi ndogo kando ya namba. Labo yetu hupima kwa nanogramu. Ile ya kwenye simu ni nanomoli. Ni vipimo viwili tofauti. Alizidisha kwenye kikokotoo mbele yangu: karibu kumi na mbili. Ndani ya kawaida. Upande wa chini, lakini ndani. Jasho, alisema, huletwa pia na woga, na kutolala. Nirudi baada ya miezi mitatu, asubuhi tena, maana kipimo kimoja hakitoshi.

Mwezi mmoja kabla ya upasuaji nilimrudisha dereva kutoka dirishani kwangu kwa sababu aliandika tani mahali pa kilo. Nilimfundisha kwa dakika nzima mbele ya wenzake. Namba bila kipimo si kitu, nilimwambia. Mwanaume mwenye umri wa baba yangu. Aliniita mkubwa: ndiyo chef, ndiyo chef.

Na watoto? Nilimuuliza daktari. Alisema wengi hupata bila shida. Kuna kipimo cha mbegu, tutakifanya baadaye. Nilingoja aseme "na wewe pia". Hakusema.

Jumanne, tarehe 18 Juni

Nilikwenda kwa Sephora. Nikamwomba msamaha, nikasema niliogopa. Alisubiri niendelee. Mama yake alikuwa anapita na ndoo. Sikuendelea.

Alisema: "Bon. Tarehe makumi mbili na mbili inabaki. Lakini ukinizungusha tena, mi sitakuuliza kintu."

Nikamwambia baba mdogo kwamba nataka kumweleza Sephora ukweli kabla ya siku hiyo. Alikuwa anapiga pasi shati lake la Jumapili, hakuinua macho. "Utamwambia nyuma ya ndoa. Mwanamuke akishaingia, anasikia vingine." Nikauliza vingine vipi. "Vingine," alisema, akageuza kola.

Jumamosi, tarehe 22 Juni, alasiri

Naandika nikiwa uani kwa Papa Godefroid, baba wa Sephora, juu ya tofali, daftari gotini. Mikono inahitaji kazi.

Tulifika saa nane. Kinywaji tulichokileta kiliwekwa katikati, kreti mbili za bia na moja ya sucré, yaani soda. Bwana harusi hasemi, anasemewa. Baba mdogo akasimama, shati limenyooka, akasema vizuri sana: "Tumeleta kijana wetu. Amesoma, anatumika kazi, anasali. Na ni muzima. Kuanza kichwa mpaka miguu, hakuna kintu kinapunguka."

Wakapiga makofi.

Muzima. Maana yake mwenye afya. Maana yake mtu aliyekomaa. Maana yake kamili. Alikuwa amechagua neno hilo kama alivyochagua lile la hernie.

Wakamwingiza Sephora. Baba yake akamuuliza swali la desturi, maana wakinywa amekubali: "Mwana wangu, hii kinywaji balituletea, tukunywe ao tuache?"

Sephora akanitazama. Alikuwa tayari kujibu, niliona midomo. Nikasimama.

Nikasema naomba kuongea naye kidogo, nje. Shangazi zake wakaguna. "Ikala," baba mdogo akanong'ona, akinivuta shati chini, "ikala, Ézéchiel." Papa Godefroid aliendesha treni miaka thelathini. Aliangalia saa yake. "Dakika mbili."

Hapa uani, kwenye bomba la maji, nilimwambia. Kwamba si hernie. Kwamba walitoa moja. Kwamba homoni ziko sawa lakini upande wa chini. Kwamba watoto, daktari anadhani ndiyo, ila hajasema ndiyo. Nilisema kama mtu anayesoma hati.

"Nani anajua?"

"Baba mdogo. Daktari."

"Miezi mbili mi nakuletea matembele," akasema polepole, "nakuambia usibebe bintu bizito, hernie itapona. We unakula tu."

Akafuta uso kwa kitambaa cha kichwani. "Bakia hapa. Usinifuate."

Akaingia. Dakika mbili zimepita zamani.

Nasikia Papa Godefroid anauliza upya, kwa sauti ileile: tukunywe ao tuache?

Sasa ni Sephora, sauti yake ya darasani: "Papa, mbele ya kujibu, Papa Edmond arudilie maneno yake. Lakini ile neno muzima, alitoe. Aseme tu: kijana wetu."

Baba mdogo anacheka. Anacheka peke yake. Papa Godefroid anauliza lile neno lina nini.

Kiti kinasogezwa.

Pazia la mlango limefunuliwa. Ni Sephora. Haniiti, hanitazami hata. Amelishika tu pembeni ili lisirudi, na anangoja niingie nijibu mwenyewe, nami bado nimeshika kalamu, sijui nikifika katikati yao nitaanza na neno gani —