Paa Moja la Mama

Hai Jalaba, Juba

Mdogo wangu Daisy,

Joto la huku limenimaliza, na benki haituachilii mpaka jua lizame. Nikirudi navua viatu, naketi kitandani nikitazama barua za mama. Nimezibandika ukutani kama picha. Janepher, jirani yangu Mganda, Kiswahili cha kuandikwa kinamshinda, lakini juzi alipitisha kidole juu ya wino akasema, "Huyu mama haiko anaandika, iko anashona."

Ni kweli. Kumbuka anavyomalizia na "Tutaonana." Anaandika neno lote kwanza, kisha anarudi na kuzikata T zote mbili kwa mstari mmoja mrefu, kama paa juu ya nyumba.

Barua yake ya mwezi jana nimeibandika pia. Mwandiko umeuiga vizuri, Daisy, umejitahidi. Ila kila T ina kapaa kake.

Sijakukasirikia. Nimechoka tu kukisia nikiwa mbali. Niandikie kwa mwandiko wako mwenyewe: ni mkono wa mama uliokufa, au ni mama?

Dada yako,
Magdaline