Barafu ya Ami Msellem na Sumaku ya Friji

Asila shoga, upo? Nimejifungia chooni nacheka, mbavu sina.

Ami Msellem, baba mkwe wangu huyu huyu. Jana si ilipiga mvua ya mawe hapa Muraqqabat? Akapanda juu ya paa na kanzu yake, akaokota barafu bakuli zima, akaitia friza. Kwake yeye mvua ya Dubai si mvua, ni ndege zinamwaga chuma mawinguni ili watu wapumbae.

Leo asubuhi akaiyeyusha. Akabandua sumaku mlangoni mwa friji, akaikoroga mle ndani. Ikatoka na vinyweleo vyeusi! “Chuma! Wallahi chuma!” Miaka yote tunamcheka, leo kapata ushahidi. Akarikodi video, akairusha grupu la ukoo, Unguja mpaka Maskati: “Msiguse maji ya mvua!”

Bi Badriya, mkewe, akachungulia bakuli. “Si hili nililolisugua juzi kwa waya wa chuma wa kusugulia vyombo? Wewe tangu unioe hujaosha hata kijiko, utajuaje?”

Ami akanywea, akamwomba mume wangu aifute video upesi.

Khalas, imefutwa. Haikupita saa, ikamrudia kutoka grupu jingine, imeandikwa juu: “Mtaalamu wa Dubai athibitisha.” Ami akavaa miwani, akaitazama mwanzo mpaka mwisho, akamgeukia mkewe:

“Umeona? Hata wataalamu wanasema.”